Walichoma Zebaki, Wakaniogopa Mimi

Wakubwa wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Nesi wa kliniki hii ameniomba nizungumze nanyi mliotolewa tezi ya shingo na mnaosubiri safari ya kwenda kumeza dawa ya mionzi. Ameniambia, "Mama Milembe, watie moyo." Nimemjibu nitajaribu, ila mimi nimezaliwa na mdomo mkali, na kisu cha upasuaji kilichukua sauti tu, mdomo kikaniachia. Sogeeni basi. Sauti yangu haipandi zaidi ya hapa, na sipendi kurudia maneno.

Kwanza mnijue nilikuwa nani. Mimi ni mtoto wa Didia, nimekulia kwenye viazi, pamba na ng'ombe wa baba. Nikaolewa na Masanja, tukahamia upande wa Bulyanhulu kwa wachimbaji wadogo. Masanja ni mchenjuaji. Kwa msiojua, mawe yakitolewa kwenye duara, yaani shimo la machimbo, yanasagwa na karasha mpaka yawe unga, halafu mchenjuaji anauosha ule unga kwa maji na kutia zebaki. Zebaki inaikamata dhahabu. Kisha anaichoma, zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki kwenye karai. Mimi nilikuwa mama lishe hapo hapo, napika ugali, dagaa na maharage. Nikiita "Umeiva huo!" mtu aliyesimama kando ya karasha, mashine inanguruma sikioni mwake, alikuwa anageuka.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Milembe. Nilikaa kwenye ndoa bila mtoto mpaka mama mkwe akawa ananiita gunzi mbele ya wateja wangu. Milembe alipozaliwa sikumweka chini. Nilisonga ugali naye mgongoni, nikaosha sufuria naye mgongoni. Mama mkwe akahamia kwetu, akidai amekuja kusaidia kulea, na kila nilipompakata mtoto alikuwa ananiambia namharibu. Kwa hiyo nilipougua, sikuogopa kufa kama nilivyoogopa Milembe wangu kubaki mikononi mwa yule mama. Hilo mlishike, maana ndilo lililonifanya nisimame mbele yenu.

Ugonjwa ulianza na kitu kigumu kama kokoto hapa chini ya koo, upande wa kulia. Nikimeza kinapanda, nikimaliza kinashuka. Hakikuuma hata kidogo, na ndiyo sababu nilikiacha. Lakini kule kwetu uvimbe wa shingo una maelezo yake. Wapo watu wanaoiba dhahabu kwa kuimeza, basi ikasemwa Mama Milembe amemeza dhahabu ya mtu na imemkwama. Wateja wakawa wanachokoza, "Mama, ikitoka tugawane!" Mwanzoni nilicheka nao. Siku moja mwanaume mzima, ameshakula ugali wangu akashiba, alinikamata shingo akaibinya kwa vidole viwili, anapima ukubwa wa dhahabu. Wenzake walicheka mpaka wakakohoa. Nilimmwagia mchuzi wa dagaa, na mchuzi ulikuwa wa moto.

Sauti ikaanza kukwaruza. Ugali ukawa haupiti bila maji. Mama mkwe akaleta mganga. Nilishikwa kichwa, na aliyenishika ni mama mkwe mwenyewe, nikachanjwa chale shingoni kwa wembe na kupakwa unga mweusi. Zile chale zilitunga usaha wa kijani, shingo ikanuka, nikashindwa kugeuza kichwa. Mama mkwe alichungulia ule usaha akasema, "Afadhali, uchafu wake unatoka." Pole yake ndiyo hiyo.

Aliyeniokoa ni mama yangu mzazi. Mimi namwita mayu, kama Wasukuma wote tunavyoita mama. Alikuja kututembelea kutoka Didia, akanitazama shingo, hata kiti alichopewa hakukikalia. Akamwambia Masanja, "Baba, huyu namchukua, asubuhi tunakwenda Mwanza." Masanja akasema kazi ni nyingi, atafuata. Hakufuata.

Mwanza walinichoma sindano nyembamba kwenye uvimbe, wakavuta majimaji, wakayapeleka kupimwa. Majibu yalipokuja daktari alivuta kiti karibu, nami nikajua tu, daktari havuti kiti kwa habari njema. "Mama, ni saratani ya tezi," alisema. "Ila usikate tamaa. Hii ni ya aina ambayo mara nyingi tunaiweza." Nikamuuliza mtoto wangu anyonye au asinyonye. Akasema kwa sasa anyonye, tutaongea baadaye. Kwa mbali nilimsikia mayu anamwita Mungu kwa Kisukuma.

Nilipasuliwa. Nilipozinduka nilikuta mpira umetoka shingoni unaingia kwenye kichupa chenye damu. Vidole na midomo ilikuwa inachomachoma kama mtu aliyekalia mkono, nesi akasema ni chokaa imeshuka mwilini, nikapewa vidonge vyake. Hayo yaliisha. Nikajaribu kumwita mayu, ukatoka upepo. Nikajaribu tena, upepo. Daktari alisema mshipa wa sauti umeguswa, huenda ikarudi. Imerudi hii mnayoisikia, na jirani yangu wa kitanda aliniambia nishukuru nimebaki na shingo. Nilitamani kumtukana, sauti ya kumtukania sikuwa nayo.

Kidonda kilipokauka nilirudi kwa daktari, na safari hiyo Masanja alikuja. Daktari alikuwa kijana mpole, anapenda mtu aelewe. Akatueleza kwamba tezi imetolewa yote, lakini huenda vimebaki vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, na saratani inaweza kujificha humo. Tezi inapenda madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi. Sasa mgonjwa anapewa madini joto yenye mionzi, anameza, na kila kipande cha tezi kilichobaki kinayavuta kwa pupa na kuungua. Kisha akamuuliza Masanja kazi yake. Masanja akamwambia. Daktari akafurahi kweli.

"Basi wewe utanielewa haraka. Unajua zebaki inavyoitafuta dhahabu kwenye mchanga? Dawa hii inaitafuta tezi hivyo hivyo."

Masanja akaitikia kwa kichwa polepole. "Zebaki naijua, daktari. Naijua sana."

Daktari akaendelea, "Inayozidi inatoka kwa mkojo, jasho na mate. Kwa muda mfupi mwili wake utakuwa unatoa mionzi, kwa hiyo asikae karibu na mtoto wala mama mjamzito. Tutampima na kumwambia muda huo unaisha lini. Ukiisha, ni mtu kama watu wengine."

Mimi niliyasikia mpaka mwisho. Masanja masikio yake yalibaki kwenye zebaki. Mchenjuaji yeyote atakwambia: mchanga uliowahi kutiwa zebaki, hata uuache nje masika ngapi, ukiuosha tena utavikuta vitone vyake vinang'aa chini ya karai. Kwenye basi la kurudi Masanja aliangalia dirishani njia nzima. Karibu na Kahama akasema, "Zebaki haiishi, Mama Milembe." Nikadhani anawaza kazi yake.

Sasa nisikilizeni wenye watoto wachanga. Milembe alikuwa anakaribia miaka miwili na bado ananyonya. Daktari alisema lazima aache kabisa, tena mapema kabla ya dawa, na asirudi tena kwenye ziwa, kwa sababu titi lenye maziwa linaivuta dawa ile na maziwa yanaibeba. Nikapaka shubiri. Milembe akaramba, akakunja uso, akarudi. Nikapaka pilipili. Alilia mpaka akatapika, halafu akanyoosha mikono kwangu, kwangu mimi niliyempaka pilipili, nimbembeleze. Matiti yalijaa yakawa magumu na moto, hata kanga ikigusa naruka. Nilikuwa naenda nyuma ya choo kukamua kidogo tu, maziwa yanamwagika kwenye vumbi, na mama mkwe anapita na ndoo yake akisema kwa sauti ya kusikika, "Mama anayemnyima mtoto ziwa huku linamwagika, huyo ana lake." Sikumjibu. Mimi, sikumjibu! Mjue nilikuwa mgonjwa.

Halafu vidonge vile vya tezi, tunavyomeza kila siku badala ya tezi iliyotolewa, nikaambiwa nivisimamishe wiki kadhaa ili mwili uwe na njaa ya dawa. Hapo ndipo nilipoonja kaburi. Jua la Bulyanhulu lile, watu wanatafuta kivuli, mimi natetemeka nimevaa koti. Uso ukavimba, kope zikawa nzito. Choo hakitoki, na kikitoka kinachana. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nilikuwa nasahau maneno. Nimesimama na mwiko mkononi nauliza hiki kinaitwaje. Mama mkwe akaita wenzake waje kuniona nimevaa koti juani, wakakaa kwenye mkeka wakinitazama na kutafuna michembe ya viazi. Nililia siku nzima bila kujua nalia nini. Kama yatawapata na ninyi, jueni ni upungufu wa tezi, hamjawa vichaa. Yanapita mkirudishiwa vidonge. Mimi hakuna aliyeniambia kwa namna hiyo, nilidhani akili imekwenda moja kwa moja.

Na chakula. Hakuna chumvi yenye madini joto, na dukani chumvi zote zinayo. Hakuna dagaa, samaki, mayai wala maziwa. Mama lishe mzima nanusa dagaa wa wateja halafu nakula mlenda usio na chumvi. Kilichonishikilia ni michembe, vile viazi vyetu vilivyokatwa na kuanikwa, nikipika na karanga nilizotwanga mwenyewe. Mama mkwe akaniletea mtindi kwenye kibuyu. Mnajua kwetu mkwe akikataa maziwa ya mama mkwe maana yake nini, ni kama kumtukana usoni. Nilipiga goti, nikamweleza kwamba daktari amekataza kwa muda tu, nikamwambia wabeja mama, ahsante sana. Alinitazama mpaka mwisho. Kisha akammwagia mbwa ule mtindi, pale pale nilipopiga goti, ukanirukia usoni. Masanja alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaendelea kufunga.

Nilikwenda Dar es Salaam na mayu. Milembe nilimwacha, sikuwa na namna, asingeweza kulala karibu yangu. Alikuwa mgongoni kwa bibi yake, anacheza na ukosi wa gauni lake. Nikamwambia, "Mama anarudi, ng'wanawane, mwanangu." Akasema, "Niletee pipi." Ndiyo maneno yake ya mwisho ya kawaida kwangu.

Dawa yenyewe, jamani, ni kitu kidogo! Mnaogopa bure. Walinipeleka kwenye chumba cha peke yangu chenye ukuta mnene, choo ndani. Akaingia mtaalamu na kikopo kizito cha risasi, akakifungua, kumbe ndani kuna kidonge. Nikakimeza kwa maji, yeye akatoka na mlango ukafungwa. Hakiumi. Hakina ladha. Nilikaa kitandani nikasubiri kuungua, na kilichotokea ni njaa.

Siku iliyofuata ndipo nilipokijua. Kichefuchefu kikanikaba, nikajikaza nisitapike. Mataya yakavimba chini ya masikio kama matubwitubwi, kila nikitafuna yanakaza mpaka machozi. Mate yakawa mazito, mdomo unanuka chuma. Nesi akaniambia kupitia dirisha nifyonze ndimu na pipi kali ili mate yatoke, na ninywe maji, maji, maji. Ukikojoa, kaa, halafu vuta maji mara mbili, nawa. Chakula wanaweka mlangoni wanarudi nyuma. Hakuna anayekugusa. Walikuwa wanakuja na kimashine kinachopima mionzi, kinalia nikisimama mbele yake, kama ile ditekta ya kutafutia dhahabu. Kila siku kililia kidogo zaidi. Siku walipoona kimetulia wakanilaza kwenye mashine ya picha, wakasema dawa imeonekana shingoni tu, hakuna mahali pengine. Nikaruhusiwa, nikarudishiwa vidonge vyangu, nikaambiwa nikae wiki chache mbali na watoto, nilale peke yangu, nitumie vyombo vyangu.

Nilikaa Didia kwenye nyumba ndogo ya uani. Mayu ananisalimia kwa mbali kila asubuhi, "Mwangaluka!" ananiachia sahani kwenye kigoda. Nilitimiza muda wote wa daktari, nikaongeza na wangu juu kwa ajili ya Milembe. Kisha nikaoga, nikavaa gauni jipya, nikanunua pipi.

Bulyanhulu nilikuta alama nyeusi uani. Walikuwa wamechoma godoro langu. Kanga zangu wamechoma. Masufuria yangu, mwiko wangu, sahani za wateja, wametupa kwenye duara lililokufa. Mama mkwe alisimama mlangoni, Milembe yuko nyuma ya gauni lake. Nikamwita mwanangu. Mama mkwe akamwelekezea jiko la mkaa, akauliza kama mwalimu, "Milembe, hii nini?" Mtoto akasema, "Moto." Akanielekezea mimi. "Na huyu?" Mwanangu akasema, "Moto."

Walikuwa wamemfundisha. Muda wote ule niliokuwa nafyonza ndimu Dar, wao wanamfundisha.

Masanja alitoka akasimama mbali nami. Nikamwambia muda umeisha, mwenyewe alimsikia daktari akisema. Nikampigia daktari nikaweka sauti kubwa, daktari anasema mimi sina hatari yoyote tena kwa mtoto. Masanja akasema, "Daktari anajua hospitali. Mimi najua zebaki. Mchanga ukishaingia zebaki, umeingia." Nikamwambia mimi siyo mchanga. Akainua jiwe. Hakunirushia. Alilishika tu mpaka nilipotoka.

Nikarudi Didia na pipi zangu. Masika yakapita. Nilituma watu wakamlete Milembe, wakarudi bila yeye. Nilikwenda mwenyewe, nikazuiwa njiani. Nikasikia Masanja ameoa mwingine. Hata Didia habari ilinifuata, muuza duka akawa anataka niweke hela chini aokote yeye. Nimetolewa tezi, nimeguswa mshipa wa sauti, nimekaa kwenye chumba cha mionzi, na sijawahi kuumia kama siku niliyonunua sabuni kwa namna hiyo.

Nilikwenda tena kupimwa. Damu safi, shingo safi. Daktari akanishika shingo kwa vidole vyake, bila glavu, anapapasa taratibu, nikaangua kilio palepale. Maskini, alidhani ameniumiza. Nilikuwa nimesahau mkono wa mtu ukoje.

Nikatoka hapo nikiwa na hasira, na hasira hiyo ilinifikisha Bulyanhulu bila kupitia Didia. Ilikuwa mchana. Nilipita nyuma ya karasha, nikaingia uani kwetu. Masanja amechuchumaa, ana koleo mkononi, kwenye jiko kuna karai, na moshi mweupe unapanda. Alikuwa anachoma zebaki. Kwenye jiko lile lile la kupikia uji. Mama mkwe anapepea moto. Na Milembe wangu amekaa kwenye sufuria iliyopinduliwa, hatua moja tu kutoka pale, anatafuna kiazi, moshi unampitia usoni.

Nikapiga kelele, "Mtoeni mtoto kwenye moshi!" Ukatoka upepo. Karasha inanguruma, hakuna aliyesikia. Mama mkwe ndiye aliyeinua macho. "Masanja, mtu wako huyo! Toka! Utamuua mtoto!"

Nikasogea wanisikie. "Mimi ndiye nitamuua? Na huo moshi je?"

Masanja, bila aibu, akasema, "Huu tumeuzoea."

Sikumbuki nilivyofika. Ninachokumbuka ni Milembe kifuani kwangu, anapiga mateke, amenyoosha mikono kwa bibi yake. "Moto! Bibi, moto!" Alining'ata begani, akanikojolea. Karasha ikazimwa, watu wakaanza kujaa, wateja wangu wale wale. Masanja akasimama na koleo lake. "Mweke chini."

Ndipo nilipoona kitu. Amesimama, lakini hasogei. Hakuna anayesogea. Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka. "Nishike basi! Si mmesema mimi ni moto? Haya, njoo! Atakayenigusa namuunguza mpaka mfupa!" Nikapiga hatua moja kumwelekea, akarudi nyuma, akajikwaa kwenye karai, dhahabu yake ikamwagika majivuni. Nikamgeukia mama mkwe nikanyoosha mkono, akapiga yowe akakimbilia ndani. Umati ukapasuka. Wanaume waliowahi kunibinya shingo wakanipa njia, wengine wamejifunika pua, nami nikapita katikati yao na mwanangu mpaka barabarani. Bodaboda mmoja asiyenifahamu akatubeba. Hawajaja kumchukua hadi leo, wanaogopa.

Milembe nimempeleka hospitali, daktari anamfuatilia kwa ajili ya ule moshi. Mpaka sasa wanasema anaendelea vizuri.

Sasa nyie. Nendeni mkanyweshwe dawa, msiogope kidonge. Ila ukienda kuelezwa na daktari, nenda na yule unayeishi naye, na mkitoka mwambie akurudishie maneno yote, mpaka yale ya mwisho, kwamba muda unaisha. Asiporudisha, mrudisheni kwa daktari. Mwachisheni mtoto ziwa mapema, mtafute na mtu wa kumpenda mkiwa hampo. Tafuteni michembe na karanga, nunueni ndimu nyingi. Vidonge vya tezi mezeni kila asubuhi kabla ya chochote, maisha yote, msisikilize anayewaambia inatosha. Na muda ukiisha, shikaneni mikono, hata hapa. Haya, shikaneni niwaone. Namshukuru Mungu, namshukuru mayu, na yule daktari wa vidole bila glavu.

Milembe analala kwangu. Anakula ninachopika, ananiita mama, akikasirika ananitukana kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini kila asubuhi nikimfunga vifungo vya gauni, ananyoosha kidole kimoja, anagusa hili kovu, anakivuta haraka, kisha anakigeuza kukiangalia kama kimeungua. Nikimwambia mama siyo moto, ananitazama tu. Siku ile nilipowaambia watu nitawaunguza mpaka mfupa, yeye alikuwa kifuani kwangu, aliyasikia yote. Daktari amesema nimepona. Mimi nasubiri asubuhi ambayo mwanangu atanigusa shingo, na asikiangalie kidole.